Maharage Yasiyoota Mogitu: Maisha ya Kornelia Baltazar Margwe, 1976–2025

Baba Paroko, mama yetu Agatha, shikamoo mama, shemeji yangu Mwalimu Tadeo, Helena na Emanuel, viongozi wa kijiji na wa kata, wafanyakazi wa kampuni, majirani wa Endasak, nanyi mliotoka Mogitu, Mbulu na Yaeda Chini kwa miguu na kwa pikipiki, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Patriki Baltazar Margwe, mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo niliikataa mara mbili na mara ya tatu nikaiomba mwenyewe.

Kabla sijaanza niseme kwamba jana jioni baba yetu mdogo Nikolausi, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alizisoma karatasi hizi na akazungushia kalamu sehemu moja niiruke, kwa sababu, alivyosema, msiba si baraza la usuluhishi. Ninamheshimu, ndiyo maana nilimwambia jana ile ile kwamba nitaisoma. Wengi wenu mnaamini kwamba mwanamke aliyelala katika sanduku hili aliwauzia mbegu mfu mwaka 2022, wapo waliokuja leo wakiwa bado wanaamini hivyo, na akifukiwa bila jambo hilo kusemwa atafukiwa nalo, na binti yake Helena, anayetaka kuiendeleza kampuni, atarithi jina ambalo hakuna mkulima atakayeligusa. Kwa hiyo nitafuata utaratibu kama mlivyouzoea, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, na nikifika kwenye sehemu ile sitairuka.

Marehemu Kornelia alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1976, hapa hapa Endasak, katika nyumba ya tembe iliyokuwa pale penye migomba sasa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Baltazar Margwe, aliyetutangulia mwaka 2016, na mama Agatha, ambaye amepewa uzito wa kukaa kiti cha mbele leo. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Mama anasimulia kwamba alikuwa mtoto mgumu kubembelezwa, na kwamba akiwa na miaka sita alikataa kula siku nzima kwa sababu alitumwa akamwambie mgeni kwamba baba hayupo, na baba alikuwa nyuma ya zizi. Sisi wengine tulitumwa ujumbe kama huo mara nyingi, tukaupeleka vizuri, tukala.

Alisoma shule ya msingi hapa Endasak kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akawa mmoja wa wasichana watatu waliochaguliwa kuendelea, akasoma sekondari huko Mbulu kuanzia 1991 hadi 1994, kisha chuo cha kilimo mkoani Arusha kuanzia 1996 hadi 1998, alikopata astashahada. Mimi nilimfuata darasa kwa darasa mpaka la saba, nikaishia hapo, na miaka yote hiyo walimu hawakuniita Patriki, waliniita mdogo wake Kornelia, jina nililolizoea masikioni na sikulizoea moyoni. Naliweka hapa kwa sababu linahusika na yatakayofuata, na kwa sababu leo nimeahidi kutoficha hata vitu vidogo vinavyonitia aibu.

Tarehe 24 Julai 1999 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Tadeo Lohay, mzaliwa wa Mbulu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Helena aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2000 na Emanuel aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2005. Shemeji yetu ni mtu mpole, anayejulikana na wote waliopita mikononi mwake shuleni, na kwa miaka ishirini na mitano aliishi na mwanamke ambaye hakuweza kusema tunda ni tamu kama halikuwa tamu, na hajawahi kumlalamikia kwetu, ingawa sisi tulimpa nafasi nyingi za kufanya hivyo.

Mwaka huo wa ndoa ndio marehemu alipoanza kazi, kama mtaalamu wa shamba wa mradi mmoja wa kilimo uliokwisha kufungwa siku nyingi, akapangiwa Yaeda Chini. Wanaoijua barabara ya kushuka kule wanajua maana ya kuambiwa uende na urudi kwa ratiba ya ofisi. Kule aliwakuta wawindaji wanaokula matunda na asali yao, akawaacha na maisha yao, na akawakuta wafugaji ambao ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe na wakawa wanajaribu jembe kwa mara ya kwanza, na hao ndio aliowafundisha kupanda maharage na mahindi kwenye ukingo wa bonde, wakampa jina la Mama Shamba. Mwaka 2006 mradi ule ulileta mbegu za maharage kwa malori, wafugaji wale wakazipanda, mvua ikanyesha vizuri, na maharage hayakuota. Marehemu alifukua mashimo kwa vidole vyake, akakuta mbegu zimeoza zikiwa nzima, akaandika ripoti, na mkubwa wake wa kazi akairudisha mezani akamtaka aandike kwamba sababu ilikuwa ukame. Helena alikuwa na miaka mitano, Emanuel alikuwa ananyonya bado, Mwalimu alikuwa masomoni, na mshahara ulikuwa mmoja. Akaandika ukame.

Alinieleza jambo hilo mara moja tu maishani, tukiwa tunapalilia, na hakulirudia. Lakini naomba mlishike, kwa sababu kampuni yote mliyoijua ilijengwa juu ya neno hilo moja la uongo, na hakuna siku aliyoacha kulilipia.

Mwaka 2009 aliacha kazi, na tarehe 1 Februari 2010 akafungua kampuni ya kuzalisha mbegu za maharage hapa Endasak, akiwa na leseni, ghala moja la matofali ya kuchoma na wafanyakazi watatu, mimi nikiwa wa tatu, mtunza ghala. Aliita kampuni hiyo Baltazar na Binti. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akatembea na mfuko wenye jina hilo mpaka kanisani, na sisi watoto wake wa kiume wanne tukalisoma jina hilo getini kila asubuhi kama vile baba hakuwa na wana. Nililisoma miaka kumi na mitano, na nilipolisema kwa utani watu walicheka, kwa hiyo niliendelea kulisema kwa utani.

Wengi mnalikumbuka sanduku la mchanga. Lilikuwa nje ya geti, upande wa barabara, si ndani, na kila fungu la mbegu kabla ya kuuzwa lilitolewa mbegu mia moja bila kuchagua, zikapandwa humo mistari kumi ya mbegu kumi kumi, zikamwagiliwa, na siku ya nane Lucia, mfanyakazi mwenzangu ambaye yuko pale amejifunika kitenge cha zambarau, alizihesabu zilizoota kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuwa anapita, akaandika idadi kwenye ubao. Zikiota themanini na tano au zaidi fungu linauzwa, zikipungua haliuzwi. Wazee wa Mogitu walikuwa wakipita siku ya mnada wanahesabu wenyewe mara ya pili, na marehemu alifurahi kuliko siku ya Krismasi, akasema mteja anayehesabu ndiye mteja.

Ilikuwa sheria nzuri na ilitutesa. Mwaka 2014 fungu moja liliota themanini na nne, na mama yetu huyu, ambaye shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa na mvua imeshika, akaomba debe moja tu la mbegu hizo apande, yeye mzazi, kwa hatari yake mwenyewe, na marehemu akamjibu, "Mama, themanini na nne si themanini na tano." Mama akaenda kuomba mbegu kwa jirani, akapanda, hawakuongea mpaka palizi. Mtu mmoja kutoka mjini alikuja na gari zuri akitaka kununua haki ya kutumia mifuko yetu tu, mbegu angetafuta mwenyewe, na marehemu akamkaribisha chai, akamwonyesha sanduku la mchanga, akamwambia kama atakubali kuwa hapo siku ya nane kila fungu basi wazungumze. Hakuajiri hata mtoto mmoja wa ndugu bila mtihani wa kuchambua maharage, na wawili wangu walishindwa. Mnaosema leo kwamba alikuwa mtu wa watu, nawaomba mkumbuke pia mlivyomsema wakati ule, kwamba anaringa, kwamba amesahau alikotoka.

Kampuni ilikua mpaka ikawa na wafanyakazi thelathini na mmoja na wakulima wa mkataba zaidi ya mia mbili, na kadiri ilivyokua yeye alipungua. Hili halikuonekana barabarani. Lilionekana ghalani, ambako alifika kabla ya jogoo wa jirani na kugusa kila rundo la magunia kwa kiganja, lilionekana mezani ambako chakula kilipoa mbele yake, na alijua kwa majina watoto wa wafanyakazi wote na ada ya nani haijakamilika, na kila mvua ilipochelewa wiki moja alichukulia kwamba ni yeye aliyeichelewesha. Lucia alimwomba siku moja apumzike hata mwezi, na marehemu akamwuliza, "Nikilala mimi, nani ataamka?" Mimi nilikuwepo, nilikuwa naamka kila siku, na nilisikia.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyozungushiwa kalamu.

Januari 2022 tulikuwa na fungu namba saba, magunia mia tatu na arobaini, yaliyotoka kwa wakulima wa mkataba ambao, kwa haraka, walipura maharage kwa kuyapitishia trekta juu ya turubai badala ya kuyapiga kwa fimbo kama mkataba ulivyotaka. Mbegu iliyopitiwa na trekta inang'aa kama nyingine, ufa wake uko ndani, hauuoni. Lucia akapanda mia moja kwenye mchanga. Sisi tulikuwa na utaratibu kwamba mbegu hazipakwi dawa ya rangi nyekundu mpaka hesabu ya siku ya nane isomwe, kwa sababu zikishapakwa haziwezi kupikwa wala kulishwa mfugo, ni sumu, kazi yake ni shamba tu. Siku ya tano mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima, wanunuzi wanapiga simu, na mimi mtunza ghala nikaona kwamba kwa miaka kumi na miwili fungu letu lilikosa mara chache tu, tena kwa moja au mbili, basi nikaamuru vijana wapake dawa fungu zima, ili siku ya nane ikifika malori yapakie tu. Siku ya nane Lucia alihesabu hamsini na nane.

Kama nisingepaka dawa, magunia yale yangeuzwa sokoni kama maharage ya kula na tungepata hasara ya kawaida. Sasa yalikuwa hayafai shamba na hayafai sufuria. Marehemu hakunifokea. Aliniagiza nichimbe shimo nyuma ya ghala, nifukie yote mia tatu na arobaini, nimwage maji na chokaa juu, na yeye akaondoka kwenda kuwaambia wanunuzi uso kwa uso kwamba mwaka huu hatuna mbegu za kutosha. Wafanyakazi ishirini na saba walijua kwamba wanachosubiri ni kuachishwa kazi. Mimi nilichimba siku tatu, nikafukia mia mbili na ishirini, na mia moja na ishirini nikampa mfanyabiashara anayeitwa Joakimu, yakiwa kwenye mifuko yetu yenye jina letu, kwa ahadi yake kwamba atayapeleka mbali nje ya mkoa.

Naomba nisijipake mafuta. Nilijiambia kwamba namwokoa dada, kwamba hajalala wiki ya tatu sasa, kwamba vijana wale wana watoto, na ni kweli sehemu ya alichonipa Joakimu ilikwenda kwenye mishahara ya miezi miwili, na marehemu akadhani wanunuzi wa zamani wamelipa mapema, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia. Sehemu nyingine ni mabati ya bluu yale mnayoyaona pale juu ya nyumba yangu. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu kingine, kwamba kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza nilikuwa nimeamua jambo kubwa la kampuni ya baba yangu bila kumwuliza binti wa Baltazar, na nilijisikia vizuri. Ndiyo, nilijisikia vizuri.

Joakimu hakwenda mbali. Alishusha nusu Mogitu na nusu Yaeda Chini. Mwezi wa tatu mvua ilinyesha kama kila mtu alivyoomba, na ninyi wa Mogitu mlipanda, mkangoja, mkafukua, mkakuta mbegu nyekundu zimeoza zikiwa nzima. Mlikuja getini mkiwa na mifuko yetu mikononi, mkalipindua sanduku la mchanga, na hamkukosea kukasirika, mlikosea mtu. Marehemu alisoma namba ya fungu kwenye mfuko mmoja, saba, akaukunja, akauweka chini ya kwapa. Alimchukua Lucia na jembe, wakaenda nyuma ya ghala, wakafukua shimo. Lucia yuko hapa na ameniruhusu niseme kwamba walihesabu magunia mpaka chini, walipofika mia mbili na ishirini marehemu akamwambia afukie, na asimwambie mtu. Nani alichimba shimo lile kila mtu ghalani alijua.

Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki akashuka Yaeda Chini peke yake. Mama Mary, mfugaji ambaye marehemu alimfundisha kushika jembe mwaka 2000, na ambaye shamba lake lilikuwa mojawapo ya yale ya mwaka 2006, alimpeleka shambani bila salamu, wakasimama kwenye mistari mitupu, na mama huyo, ambaye leo ametembea siku nzima kufika hapa, alimwuliza, "Safari hii utaandika nini, Mama Shamba?" Kumbe walijua. Miaka kumi na sita walijua aliandika ukame, wakamwacha aendelee kuwapenda.

Aliporudi hakuniita, hakunitazama vibaya, hakunitoa kazini. Jumamosi tarehe 9 Aprili 2022 uliitishwa mkutano Mogitu, watu zaidi ya mia nne, diwani, mtendaji, askari wawili, na marehemu akasimama mbele. Mimi nilikuwa kwenye benchi la pili. Mtu aliuliza nani aliuza mbegu hizi, na mimi nikainuka. Mungu ni shahidi kwamba niliinuka, magoti yalikuwa yamekwisha kunyooka, na nilikuwa nimefungua mdomo. Marehemu aligeuka akasema, kwa sauti ile ya nyumbani, "Kaa chini, Patriki. Mbegu zimetoka kwenye ghala langu."

Nikakaa.

Alisema kwamba mkosaji katika kampuni ni mwenye kampuni, kwamba kila aliyepanda fungu namba saba atapata mbegu mara mbili ya aliyopanda msimu ujao, na alitimiza, gunia kwa gunia, kwa kutumia mavuno yote mazuri ya mwaka ule, mpaka ghala likabaki na panya. Mlizichukua mbegu hizo. Ziliota. Na bado mkawa mnavuka barabara mkimwona anakuja, mkambandika jina la mama wa mbegu mfu, na kwenye jumuiya yetu kuna waliohama benchi. Wafanyakazi walibaki wanne, mbali na mimi. Mwalimu Tadeo alimwomba na kumwomba amtaje aliyeuza, alijua kwamba hakuwa yeye kama anavyojua mchana na usiku, na marehemu akakataa. Mimi niliendelea kula nyumbani kwake kila Jumapili, na yeye ndiye aliyeniwekea nyama.

Sasa nitasema jambo ambalo si la msibani. Dada yangu alikosea. Mtu aliyekataa kumuuzia mama yake mzazi mbegu za themanini na nne hakupaswa kuninunua mimi kwa bei ile. Maisha yake yote alisema uongo mara mbili, mara ya kwanza alipoandika ukame, mara ya pili aliponiambia nikae, na uongo wa kwanza ulimfanya awe mtu na wa pili ulimuua. Nimemkasirikia kwa hilo kuliko nilivyowahi kumkasirikia kwa jina la getini. Alinipa huruma ambayo sikuiomba, nikaivaa miaka mitatu, na haikunikaa hata siku moja.

Ugonjwa wake ulianza kujulikana tarehe 18 Agosti 2022, alipoanguka ghalani na kupelekwa zahanati hapa Endasak, ambako alikutwa na shinikizo la damu la juu sana, akapewa dawa na ushauri wa kupumzika, dawa akazitumia. Jumatatu tarehe 3 Februari mwaka huu, saa tatu asubuhi, akiwa anapanda mbegu mia moja kwenye sanduku jipya la mchanga alilolitengeneza mwenyewe, ingawa hakuna aliyekuwa akipita kuhesabu tena, alipatwa na kiharusi. Alipelekwa hospitali, kisha hospitali ya rufaa, akawa hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia. Tarehe 11 Februari nilibaki naye peke yangu wodini, nikamweleza yote, Joakimu, magunia mia moja na ishirini, mishahara, mabati, kila kitu, ingawa alikwisha kujua. Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akanishika kola ya shati, akaiweka sawa. Sijui kama huo ulikuwa msamaha au yalikuwa mazoea ya dada, na aliyekuwa na jibu hakuweza kusema. Alifariki Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, saa kumi alasiri, siku ishirini kabla ya kutimiza miaka arobaini na tisa, akiwa na mume wake na Helena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemsuka nywele siku ya mwisho, paroko wetu na jumuiya yetu, kina mama Wakatoliki wa WAWATA waliopika tangu Jumamosi, vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ngumu, Lucia na wenzake watatu waliobaki kazini wakati kubaki kulikuwa aibu, na mama Mary wa Yaeda Chini. Tunawashukuru pia majirani, wote, pamoja na wale waliokuwa wakivuka barabara, kwa sababu leo mmevuka mkaja upande huu. Ghala nimemkabidhi funguo zake Helena, mjomba hana kazi tena pale, na barua yenye maelezo yangu na jina la Joakimu iko mkononi mwa afisa mtendaji wa kata tangu saa mbili asubuhi, na kama atanichukua leo au kesho ni yeye anayejua.

Tukishamaliza kufukia mtaitwa kwenye chakula, nendeni mle, kimepikwa kwa upendo. Mimi sitakwenda. Nitabaki hapa pembeni ya kaburi mpaka wa mwisho aondoke, na aliyepanda fungu namba saba, aliyelala njaa mwaka ule, aliyeuza mbuzi wake kwa ajili yangu bila kujua ni kwa ajili ya nani, aje aniulize mimi, kwa sauti atakayotaka.

Kornelia, dada, umewajibu watu hawa vya kutosha. Pumzika sasa, na amani uliyoikosa kwetu uipate huko. Wakiuliza tena, nitajibu mimi.